Kalamu Moja, Vitabu Viwili: Kulihakiki Neno "Ndoa" Kutoka Kisiwani hadi Bomani

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi. Tukizidisha sana tunahakiki maandishi ya khanga. Cheti cha ndoa hatukihakiki. Tunakiona ni karatasi ya serikali tu, haina fani wala maudhui, basi imetoka hiyo. Katika makala haya ninakusudia kwenda kinyume na mazoea hayo. Nitalisoma neno "ndoa" kama mhakiki anavyosoma matini yoyote: nani anazungumza, anazungumza na nani, na kwa sauti ipi. Nalisoma kwa sababu ya swali moja ambalo katika semina zetu likitajwa tu hufunikwa na kelele kabla halijajadiliwa: je, serikali inaweza kuandikisha muungano wa watu wawili wa jinsia moja bila ya kanisa wala msikiti kuguswa? Yaani, ndoa ya kiserikali na ndoa ya kidini ni kitu kimoja, au ni vitu viwili vilivyovishwa kanzu moja?

Dai langu nalitoa mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta. Ni vitu viwili. Sheria yetu wenyewe inajua hivyo, na lugha yetu inajua zaidi. Kinachotuchanganya ni kwamba vyote viwili vinaandikwa kwa kalamu moja.

Anayetoka Same mjini kuelekea Kihurio na Ndungu hupita Kisiwani, chini ya milima ya Upare ya Kusini, na upande wa pili kuna nyika ya Mkomazi. Hapo na katika vijiji vya jirani Waislamu, Walutheri na Wasabato wanaishi ua kwa ua, na ukoo mmoja waweza kuwa nao wote watatu. Wasabato wa Upare si wa jana: misheni yao ya kwanza katika nchi hii ilianzishwa Giti, huko juu milimani, mwaka 1903. Walutheri nao wana Dayosisi ya Pare, ambayo makao yake yako Same. Kwa hiyo mtu aliyekulia huku hana haja ya kusimuliwa habari za dini na ndoa. Amezila pilau zake.

Hebu tuiangalie harusi moja ya kanisani, kwa kuwa zote hufanana katika jambo hili. Mchungaji anasimama mbele ya madhabahu. Anahubiri, anauliza maswali, anapokea viapo, anaweka mikono juu ya vichwa, anaomba. Katika sehemu hii yote kiima cha sentensi zake ni Mungu. Mungu ameunganisha, Mungu ameshuhudia, Mungu atalinda. Halafu kwaya inaanza kuimba, vigelegele vinapigwa, na mchungaji anasogea kwenye meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Anavaa miwani. Anafungua kitabu. Sasa sauti ni nyingine kabisa: jina lako kamili? Umri? Kazi? Uliwahi kuoa? Mashahidi wako wapi? Mchungaji ni yule yule na joho ni lile lile, lakini kiima kimebadilika. Hapo mezani Mungu hatajwi. Anayezungumza ni Msajili, na mchungaji anamsemea kwa leseni. Kwa kuwa kwaya inaendelea kuimba, waumini hawasikii mabadiliko hayo ya sauti, nao wanarudi nyumbani wakiamini wameshuhudia tendo moja.

Kwa shehe mambo ni hayo hayo kwa namna yake. Ijabu na kabuli, mahari, walii, mashahidi, dua, kisha kitabu. Nimewahi kumwona shehe mmoja akiifunga ndoa kwa Kiarabu safi na kukijaza cheti kwa Kiswahili cha ofisini, na kati ya lugha hizo mbili alikunywa maji. Kituo kile cha kunywa maji, kwa maoni yangu, ndicho mpaka tunaoutafuta.

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 ndiyo iliyotupa mpangilio huu. Ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, na nia yake ilikuwa kubwa: kuzikusanya ndoa za kiserikali, za Kikristo, za Kiislamu na za kimila chini ya paa moja. Ndoa, kwa tafsiri ya kifungu cha 9, ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke wenye kukusudiwa kudumu maisha yao yote. Wanaoweza kuifungisha ni pamoja na viongozi wa dini waliopewa leseni. Kwa hiyo serikali ilipofika mlangoni haikujenga mlango wake peke yake. Iliazima ule wa kanisa na ule wa msikiti, na wenyewe wakapewa kalamu ya serikali.

Lakini msomaji mwenzangu, ukimaliza kuusoma mlango wa kuingilia, usome na wa kutokea. Hapo sheria hii haikuazima mlango wa mtu. Ndoa huvunjwa na mahakama. Mkatoliki aliyefungishwa na padri wake, ambaye kanisa lake linasema ndoa iliyokamilika haivunjiki, anaweza kupewa talaka na hakimu, na serikali ikamhesabu kuwa hana mke, huku parokia yake ikiendelea kumhesabu kuwa anaye. Mtu mmoja, siku moja, ameoa na hajaoa! Hata talaka ya Kiislamu, ili itambuliwe na serikali, lazima ipite mahakamani. Kabla ya hapo wanandoa hupelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi, na jumuiya ya dini inaweza kuwa na baraza lake, lakini baraza husuluhisha tu. Halitengui. Kumbe tangu mwaka 1971 tumekuwa tukitenganisha ndoa ya serikali na ndoa ya dini, kwa utulivu kabisa, bila ya mimbari kutikisika. Tumeitenganisha wakati wa kutoka. Wakati wa kuingia tumeiacha imefungamana, na wengi tunadhani ufungamano huo umeshuka kutoka mbinguni.

Isitoshe, hata pa kuingilia kuna ufa, nao una jina la Kiswahili la kila siku: bomani. Watu husema "wamefunga bomani", na neno hilo husemwa kwa kuvuta mdomo kidogo, kana kwamba wameoana dukani. Wanaokwenda huko aghalabu ni wale ambao dini zao hazikukubaliana. Kijana wa Kiislamu wa Kisiwani ampende binti wa Kisabato wa kule juu Mamba. Mchungaji akatae kuwafungisha, na ana haki ya kukataa. Shehe aulize kwanza habari ya imani, na ana haki ya kuuliza. Basi wanateremka Same, wanatoa taarifa ya kusudio lao, siku 21 zinapita, wanafungishwa. Kanisa halikulazimishwa kitu. Msikiti haukulazimishwa kitu. Na wale wawili wana cheti, watoto wao wana jina, na mmoja akifa mwenziwe hafukuzwi kirahisi. Huu ndio utengano tunaouogopa kwa jina lakini tumeuzoea kwa tendo.

Sasa tuingie kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo mhakiki anapokuwa na la kusema kuliko mwanasheria. "Ndoa" imetoka katika "oa", na "oa" katika Kiswahili ni kitenzi chenye jinsia. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja yuko katika kauli ya kutenda, mwingine katika kauli ya kutendwa. Lugha nyingi hazina jambo hilo. Kwa Mswahili, kabla hujafika kwa padri wala hakimu, sarufi imeshakuuliza: nani atakuwa wa kutenda? Ndiyo maana mjadala wa watu wa jinsia moja ukitajwa katika Kiswahili, swali la kwanza la mtu yeyote kijiweni ni hilo hilo, tena kwa kicheko: sasa hapo nani anaoa? Kicheko hicho tusikidharau. Ni kicheko cha kisarufi. Kipo kitenzi kingine, "kuoana", ambacho kinawaweka wote wawili sawa, na "kufunga ndoa", ambacho hakina jinsia kabisa. Cheti cha bomani kingeweza kuandikwa kwa vitenzi hivyo viwili bila kupungukiwa na chochote.

Na kabla hatujasema kwamba mwanamke hawezi kuwa kiima cha "oa", twende Mara. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti iko desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye umri, aghalabu mjane au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake aliye mdogo. Huyu mdogo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Hapa ni lazima niwe mwangalifu, maana wapo wanaoikimbilia desturi hii kama ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja katika mila zetu. Sivyo. Wanawake hawa hawaoani kwa ajili ya kulala pamoja, na wakisikia wanasemwa hivyo wanaweza kukutoa mbio. Vilevile desturi yenyewe ina unyonge wake: yule mdogo mara nyingi ni binti wa maskini, na ng'ombe hula baba yake. Nisilotaka kulipoteza ni hili moja. Wakurya waliitazama ndoa wakaona kazi yake ni kusimamisha nyumba, kuwapa watoto ukoo na kupitisha mali, na kwa kazi hiyo hawakuona ubaya wanawake wawili kusimama pamoja. Madhabahu haikuwepo katika hesabu yao. Tafsiri ya mwaka 1971 ya mwanamume na mwanamke imewaacha nje.

Kwa Wanandi wa Kenya desturi kama hiyo ilifika mbali zaidi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisikiliza shauri la mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa amemwoa mwanamke mwenzake kimila, na ikamtambua yule aliyeolewa, pamoja na wanawe, kuwa warithi. Msomaji akumbuke mwaka. Katiba mpya ya Kenya ilikuwa imepitishwa mwaka mmoja tu nyuma, 2010, nayo katika ibara ya 45 inatoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Katiba hiyo haikuizuia mahakama kumtambua mke wa mwanamke, kwa sababu swali lililokuwa mbele yake lilihusu nyumba na watoto, wala halikuhusu kitanda wala kanisa. Swali likiulizwa kwa ufinyu wake, hata wahafidhina hujibu vizuri.

Nimefika sasa kwenye kazi ya sanaa niliyotaka kuihakiki, filamu ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu wa Kenya (2018). Imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kila mtu anaifahamu kwa ajili ya marufuku. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, wakati ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Septemba mwaka huohuo mahakama iliiruhusu kwa siku saba, na watu wakajaa kumbi za Nairobi. Moja ya malalamiko yaliyotolewa ni kwamba mwisho wake una matumaini mno. Eti laiti wangeumia zaidi! Sisi tuliosoma *Rosa Mistika* hatushangai. Kitabu hicho cha Kezilahabi nacho kilifungiwa mashuleni, kikaja kuwa kitabu cha kutahiniwa.

Wahakiki wengi wameishia kwenye marufuku. Mimi nataka kuanzia kwenye jina. Kahiu ameeleza kwamba aliita filamu yake *Rafiki* kwa sababu wapenzi wa jinsia moja wa kwao, wanapotaka kumtambulisha mtu wao mbele za watu, husema "huyu ni rafiki yangu". Jina hilo la filamu ni uhakiki wa lugha kuliko semina zetu kumi. Neno "ndoa" limejaa kupita kiasi, limebeba Mungu, serikali, ukoo, sarufi na ng'ombe. Neno "rafiki" kwa upande wake ni tupu. Halimpi mtu haki yoyote hospitalini, halimpi shamba, halimpi kiti msibani. Linamruhusu kusimama karibu tu.

Angalia jinsi mgogoro ulivyojengwa. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wa mtaa mmoja wanaogombea kiti kimoja. Mama yake Kena ni mcha Mungu. Baba yake amekwisha kumwacha mama huyo, anaishi na mwanamke mwingine, naye ni mjamzito. Kanisani wote wanaketi. Mhubiri anapoinuka anahubiri dhidi ya ndoa za jinsia moja. Sasa mhakiki ajiulize: katika mtaa huo ni ndoa gani hasa iliyobomoka? Ni ya yule mama anayesali. Na ilibomolewa kupitia mlango ule wa kutokea ambao hakuna mhubiri anayeupigia kelele. Kahiu hakulisema hilo kwa maneno. Ameliweka mbele ya macho yetu akaliacha, na nadhani ndipo filamu inapokuwa na nguvu kuliko pale kwenye rangi zake zile za waridi zinazosifiwa sana.

Upungufu wake, kwa maoni yangu, uko kwenye kitu kimoja. Filamu inaishia kwenye mapenzi na ukatili: wanapendana, wanafumaniwa, wanapigwa, Kena anapelekwa kuombewa pepo, Ziki anapelekwa London. Kati ya busu na kipigo hakuna ofisi hata moja ambamo mtu anauliza: hawa wawili wakitaka kujenga nyumba, itaandikwa jina la nani? Mtazamaji anaachiwa uchaguzi kati ya kuwahurumia na kuwalaani. Vyote viwili ni hisia. Swali la serikali, ambalo halihitaji huruma bali kalamu na kitabu, halikupata mhusika.

Hadithi ya Arac de Nyeko inakaribia zaidi kwa njia ya fani. Imeandikwa kama barua. Anyango, muuguzi katika mtaa wa Nakawa, Kampala, anazungumza na Sanyu, na mwanzo hadi mwisho anamwita "wewe". Mapenzi yao yana nafsi ya kwanza na nafsi ya pili. Nafsi ya tatu ni Mama Atim, jirani mmbea, ambaye ndiye anayewafuma chini ya mti. Ukifikiri vizuri, ndoa yoyote, iwe ya madhabahuni au ya bomani, ni mapenzi yaliyopata nafsi ya tatu: mashahidi wawili wanaoweka sahihi. Anyango na Sanyu wana shahidi mmoja tu, naye alikuja kufumania. Msanii huyu hakuhitaji kuandika hata sentensi moja kuhusu sheria. Ameiandika katika viwakilishi.

Turudi Upare, maana huku nako mjadala ulifika, ukapitia njia ya kanisa. Januari 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walitoa Tamko la Dodoma. Walikataa ndoa za jinsia moja, na wakasema hawatapokea hata fedha wala msaada wa wale wanaoziunga mkono. Kama matini, tamko hilo lina heshima yake. Kanisa maskini likimwambia mfadhili akae na pesa zake, hilo si jambo dogo, na wale wanaodai Waafrika huimba wimbo wa anayelipa watafute mfano mwingine. Lakini tazama kilichotangulia. Huko Sweden, watu wa jinsia moja walikuwa na uandikishaji wao wa kiserikali tangu 1995, kando na ndoa. Ushirika wa Walutheri wa kwetu na wa kule uliendelea miaka yote hiyo, pamoja na manung'uniko. Mwaka 2009 Bunge la Sweden likaifungua ndoa yenyewe kwa wote, na Oktoba mwaka huohuo sinodi ya kanisa la Sweden ikakubali kuifungisha. Miezi michache baadaye likaja Tamko la Dodoma. Na kanisa la Sweden, kama la hapa kwetu, linafungisha kwa leseni ya serikali. Kalamu moja! Naona ugomvi ulipamba moto pale vitabu viwili vilipounganishwa kuwa kimoja, na pande zote mbili, ya kule na ya huku, zikawa zinalinda neno lilelile.

Mwenzangu mmoja alinipinga vikali nilipolisoma wazo hili semina. Alisema, "Ndugu yangu, huo mlango wa kando ni ujanja. Leo bomani, kesho madhabahuni." Nilimjibu kwa mfano wa Afrika Kusini. Mahakama ya Katiba ya huko ilitoa hukumu yake tarehe 1 Desemba 2005, na Sheria ya Muungano wa Kiserikali ikaanza kufanya kazi mwishoni mwa Novemba 2006. Ni sheria ya pembeni, mbali na Sheria ya Ndoa ya 1961. Dhehebu linalotaka kufungisha miungano hiyo ndilo linaloomba lenyewe, lisilotaka hukaa kimya. Makanisa kadhaa yaliyokataa mwaka 2006 yangali yakikataa.

Pingamizi zito zaidi lilitoka upande wa pili, kwa dada mmoja wa mwaka wa tatu, na hilo sikulijibu vizuri. Aliuliza: kwa nini wengine wapewe ndoa na wengine wapewe "muungano"? Si ndiyo daraja la tatu la treni hilo? Ni kweli. Wale majaji wa Afrika Kusini waliliona hilo, wakaonya dhidi ya kitu kinachofanana na haki lakini kinadhalilisha, na ndiyo maana sheria yao inawaacha wawili wachague wenyewe waiite ndoa au waiite vingine. Mimi ningependa zaidi dawa ya Rwanda kwa upande mmoja tu: huko ndoa inayotambuliwa na serikali ni ile iliyofungwa mbele ya serikali, kwa kila mtu, awe Mkatoliki au Mwislamu. Baada ya hapo nenda kwenye nyumba yako ya ibada ukabarikiwe upendavyo. Hapo hakuna daraja la tatu, wote wamepanda behewa moja. Lakini Rwanda hiyo hiyo, katika katiba yake, inasema ndoa hiyo ni ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo tusidanganyane: kuzitenga meza si sawa na kumkaribisha kila mtu mezani. Ni hatua ya kwanza tu ya kujua unabishana na nani.

Na kwetu hata hatua hiyo ina kigingi mbele yake. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Mwingereza, kinalifanya tendo lenyewe kuwa jinai, na marekebisho ya mwaka 1998 yaliipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha. Zanzibar ilibadilisha sheria yake mwaka 2004 na kuuhusisha hata muungano wa kuishi pamoja kama mke na mume. Uganda iliweka marufuku ya ndoa hizo ndani ya katiba mwaka 2005. Haiwezekani msajili amwandike mtu leo na polisi amkamate kesho kwa ushahidi wa kitabu kilekile. Mtu anayesema tuanze na cheti ameruka ngazi mbili. Nakubali. Nimeandika makala ya uhakiki wala si mswada wa sheria, na kazi ya uhakiki ni kuonyesha palipo na maneno mawili yaliyoshonwa kuwa moja.

Liko jambo moja nililolishuhudia, nalo ndilo lililonifanya nianze kuandika. Katika kijiji cha bondeni, si mbali na Kisiwani, walikuwapo wanawake wawili walioishi nyumba moja zaidi ya miaka 20. Walilima mpunga, walifuga mbuzi, walisomesha mtoto wa marehemu dada wa mmoja wao. Walikuwa nini baina yao sijui, na siku zote niliona si kazi yangu kujua. Watu waliwaita "akina mama wale", wakaishia hapo. Mmoja alipofariki nilikuwa nyumbani kwa likizo. Wasifu wa marehemu ulisomwa makaburini, kama kawaida: amezaliwa, amesoma, amebatizwa, ameacha kaka wawili na wapwa saba. Mwishoni msomaji akaongeza, "na rafiki". Jina hakulitaja.

Yule mama mwingine hakukaa mkekani na wafiwa. Alikuwa jikoni, anapika. Tanga lilipoanuliwa kikao cha ukoo kilikaa kumchagua msimamizi wa mirathi, na muhtasari ukaandikwa wa kupelekwa mahakama ya mwanzo. Akaitwa, kwa adabu kabisa, kaka mkubwa akimwita "dada". Akaulizwa kama ana karatasi yoyote inayohusu nyumba. Akaingia ndani, akatoka na risiti ya dukani Same, imekunjwa mara nne: bati za geji 30, vipande 24. Mwenye duka alikuwa ameandika majina mawili, moja juu ya jingine. Kaka akaisoma, akampa mwenziwe naye akaisoma, kisha wakamrudishia.